Alpaka watano Pongwe? Subiri kwanza mdogo wangu, tuongee

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini, kuhusu alpaka, yule mnyama wa manyoya ndugu yake ngamia, nalifupisha: "Asalaam aleikum bi dokta. Mume wangu kastaafu, tuna heka mbili na nusu hapa Pongwe, na marehemu mama kaniachia heka moja yenye kivuli kizuri kule kwao Soni, Lushoto. Nimeona video za alpaka nikawapenda sana, nataka ninunue watano niwafuge hapa nyumbani, niwanyoe, nisokote uzi mwenyewe, nifume masweta niuze kwa watalii. Kusuka ukili najua tangu mdogo na kroshia naijua. Kuna dalali kanitumia picha, anasema ataniletea kutoka nje ila anataka nusu ya hela kwanza. Je nianze kujenga banda au nimlipe kwanza dalali?"

Waaleikum salaam mdogo wangu. Banda usijenge na dalali usimlipe. Anza na uzi. Ntakueleza kwanini ila itakuwa ndefu, kwahiyo jimiminie chai kabisa ukae.

Tumalizane na dalali maana hilo jepesi. Ile picha nimeikuza nikaangalia masikio. Marefu, yamepinda kwa ndani kama ndizi mbili zinatazamana. Huyo sio alpaka, huyo ni lama, ndugu yake mkubwa wa kubebeshwa mizigo, anafika kilo 130 mpaka karibu 200, na manyoya yake ya juu ni magumu magumu. Alpaka masikio yake ni mafupi yamechongoka kama ncha ya mkuki, uzito wake ni kilo 50 hadi 90 hivi, na utosini ana kishungi cha manyoya kama mtoto aliyevishwa kofia. Sasa mtu hata mnyama anayekuuzia hamjui, kibali atakuwa nacho kweli? Mnyama hai kutoka nje anaingia kwa kibali cha wizara ya mifugo, na kibali kinatoka kabla mnyama hajapakiwa, juu yake kuna cheti cha afya cha daktari wa serikali wa huko anakotoka, na akifika kuna karantini. Mwambie akuonyeshe kibali chenye jina lako. Akianza na "hayo dada niachie mie", piga bloku ulale usingizi.

Sasa hilo la Pongwe. Alpaka kwao ni milima ya Andes kule Amerika Kusini, Peru ndio wamejaa kuliko nchi yoyote halafu wako Bolivia na Chile, wanaishi huko mita 3,500 kwenda mpaka 5,000 juu ya bahari, mchana jua linawaka usiku maji yanaganda. Watu wa kule wamewafuga zaidi ya miaka 6,000, yani mwili mzima wa huyu mnyama umejengwa kuzuia joto lisitoke. Wewe unataka kumleta mahali ambapo sisi wenyewe Februari tunalala barazani.

Kuna hesabu ya chapchap wanayotumia wafugaji wa Marekani, mie naipenda kwasababu haihitaji kifaa zaidi ya simu. Unachukua joto la Farenhaiti unajumlisha na asilimia ya unyevu hewani. Jibu likiwa chini ya 120 endelea na shughuli zako, likipita 150 anza kuwatazama kwa karibu, likigonga 180 hapo mnyama anaweza kukufia mkononi. Haya, tufanye ya Tanga. Februari mchana joto 32 la Selsiasi, hiyo ni kama 90 Farenhaiti, weka na unyevu 75, unapata 165. Unasema basi usiku watapumua? Usiku joto linashuka mpaka 26 hivi lakini unyevu unapanda, 79 jumlisha 85, umerudi palepale 164. Hapo ndipo penye tatizo lenyewe, sio mchana. Mnyama akipata moto mchana akapoa usiku anavumilia, ila huku kwetu hapumziki, kesho yake anaanza na deni la jana. Watu wanaoishi nao sehemu za joto wanafunga mafeni bandani, wanawamwagia maji, na wanahakikisha wananyolewa kabla ya joto. Na hapo kwenye kumwagia maji wengi wanakosea, wanamlowesha mgongo, manyoya ya mgongoni yakilowa yanakuwa kama blanketi bichi, joto linazidi kufungiwa ndani. Maji yanapigwa tumboni, kwapani na kwenye mapaja kwa ndani, huko ndiko manyoya machache. Lakini jamani, ufuge mnyama wa kupepewa kila siku miezi minne kwa bili hii ya umeme? Pongwe sahau. Heka mbili na nusu za Pongwe zina kazi nyingi nzuri za kufanya.

Soni ni habari nyingine. Lushoto mjini ni kama mita 1,400, Soni iko chini yake kidogo, mchana joto 24 na unyevu 65 unapata kama 140. Sio Andes lakini mnyama anaishi. Heka moja ya majani mazuri inaweza kubeba alpaka wanne watano, na pale mteremko wenu mkipanda majani ya guatemala na matete kwenye kingo za matuta kama wanavyofanya Wasambaa kwa ng'ombe, chakula sio shida. Alpaka hali sana, kilo moja hadi moja na robo ya majani makavu kwa siku inamtosha mnyama wa kilo 65, na usimjaze pumba na chakula cha dukani ukadhani unampenda. Mdomo wake mlaini, juu hana meno ya mbele kama mbuzi, miguu yake haina kwato ngumu ana kucha mbili na soli laini, kwahiyo hakwanguli udongo kwenye mteremko. Hilo mie ndio nililompendea.

Tena ana adabu ya choo, wallahi. Kundi zima linachagua sehemu moja mbili shambani na wote wanakwenda kujisaidia palepale, wanapanga foleni kabisa. Asubuhi unakwenda na koleo na karai unazoa umemaliza. Ile samadi ni vigololi kama vya mbuzi, haichomi mboga, na kwa Soni ambako kila mtu ana kabichi na karoti unaweza kukuta samadi inakuletea hela kabla ya manyoya.

Ila sikiliza masharti yake. Alpaka hafugwi mmoja. Hata wawili ni kumuonea, anza na watatu. Akiwa peke yake halishi vizuri, anahangaika, anaguna mmmm mmmm siku nzima mpaka na wewe unaumwa. Na usije ukamchukua dume mchanga ukamlea ndani kwa chupa kama mtoto wa mbuzi, akikua anakuona wewe ni dume mwenzake, anakuparamia na kukupiga vifua, si mchezo. Kama shida yako ni manyoya tu huna haja ya majike, chukua madume matatu yaliyohasiwa, rahisi kuyatunza, hayapigani, hayazai, manyoya yanatoa vilevile. Ukitaka kuzalisha ujue mimba ni miezi 11 na nusu, mtoto mmoja tu, pacha ni bahati na mara nyingi hawaponi. Kujua kama jike kashika mimba tulikuwa tunampelekea dume, akikaa chini bado, akimtemea mate na kukimbia basi hongera. Hayo mate ni majani yaliyochachuka kutoka tumboni, ya kijani, harufu yake huitoi kwenye shati kwa sabuni ya mche moja.

Haya mambo nimeyaona kwa macho yangu, sijayasoma tu. Nimefanya kazi ya mifugo huku Tanga zaidi ya miaka 20, na katikati hapo nilipata nafasi ya kukaa miaka miwili kwenye shamba la alpaka Wales, kule Uingereza. Na huko nilifanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Kulikuwa na jike mmoja wa kahawia, mimi ndiye niliyekuwa nawapa chakula kila asubuhi, namuona yuko bonge kama mto wa sufi, nikajua huyu hana shida. Siku ya kunyoa mashine ilipopita mgongoni tukaona mifupa. Alikuwa mifupa na minyoo tu, manyoya yote yale ni sawa na baibui limetundikwa kwenye msumari. Tulimpa dawa, hakufika wiki. Toka siku hiyo simwamini mnyama wa manyoya kwa macho. Unamshika. Unaweka kiganja juu ya kiuno nyuma ya mbavu za mwisho, kidole gumba upande huu vidole vingine upande ule, unabonyeza. Ukisikia uti wa mgongo umesimama kama tuta na pembeni kumebonyea, kakonda. Ukisikia mteremko ulionyooka kama paa la nyumba, yuko sawa. Ukisikia tambarare, punguza chakula. Halafu unamfunua jicho, kope la chini kwa ndani, liwe jekundu au pinki iliyokoza, likiwa jeupe jeupe ana minyoo inayonyonya damu, muite mtaalamu leo sio kesho. Kila wiki mbili, wote, hata kama mvua inanyesha. Mvua ndio zaidi.

Magonjwa ya huku nisikudanganye, mnyama huyu ni mgeni kwetu, bwana mifugo wa kata hajawahi kumgusa. Ngamia ambaye ni ndugu yake anaumwa sana ugonjwa wa mbung'o, kwahiyo sehemu za Pangani kuelekea Saadani mie nisingepeleka alpaka hata kwa kulipwa. Na kwenye mimea kuna miwili ya kuogopa huko Soni. Mmoja ni ile lantana ya vichakani yenye vimaua vidogo vya njano na pinki, ukifikicha majani yananuka, ile inaua ini la mifugo. Mwingine ni majani ya mparachichi. Mbuzi na kondoo wamekufa kwa majani hayo, alpaka sitamjaribishia. Nalirudia mwishoni.

Sasa tuje kwenye uzi, ambako ndiko nilitaka kufika.

Watu wanaona alpaka wanadhani hela iko kwenye mnyama. Mnyama mmoja unamnyoa mara moja kwa mwaka, anakupa kilo mbili hadi tatu, na hapo kilo moja na kidogo tu ndio nzuri kabisa, ile ya mgongoni na mbavuni. Shingoni ni daraja la pili, miguuni na tumboni ni ya kujazia mito. Tena mnyama akizeeka manyoya yanazidi kuwa magumu, kwahiyo ukinunua wazee kwa bei poa umenunua mito. Hawa wako aina mbili, huacaya ambao ndio wengi, manyoya yamesimama kama ya mwanasesere, na suri ambao wana misokoto mirefu inaning'inia inang'aa kama rasta. Kwa anayeanza ni huacaya, suri anateleza sana kwenye vidole.

Sifa ya manyoya haya ni kwamba hayana mafuta kama sufu ya kondoo. Kondoo wa sufu ukimfua sufu yake uzito unaweza kupungua mpaka nusu, mafuta yote na jasho yametoka, manyoya ya alpaka yanapoteza kidogo, na kinachotoka kingi ni vumbi tu maana alpaka wanapenda kujigaragaza. Ni mepesi, yana joto, hayawashi shingoni. Ubaya wake, hayana mvuto wa kurudi. Sweta la alpaka tupu ukilivaa mwezi linashuka mpaka mapajani, mikono inakuwa kanzu. Ndio maana wajuzi wanachanganya na sufu ya kondoo hasa kwenye pindo na shingo, au wanaachana na masweta wanafuma shali, kofia na mitandio ambayo hata ikivutika nani anajali. Kwahiyo hilo wazo lako la masweta, hapana, anza na mitandio.

Kufua ndiko wanakoharibu wote, na mie nikiwa wa kwanza. Fungu langu la kwanza kabisa, jeupe, zuri, nilikuwa nimeambiwa maji ya moto. Nikachemsha, nikamwaga sabuni, nikakoroga na mwiko kama naandaa ugali wa shughuli. Nikatoa kitu kimoja kigumu kama soli ya kandambili. Hakichaniki, hakivutiki, mwenye shamba akacheka mpaka akakaa chini. Manyoya yana magamba madogo madogo usiyoyaona, yakipata joto na msuguano kwa pamoja yanashikana na hayaachani tena. Moto peke yake sio mbaya, kukoroga ndio kubaya, na kuyatoa kwenye maji ya moto ukayatia kwenye ya baridi ghafla. Kwahiyo unafanya hivi: maji ambayo mkono unavumilia kwa shida kidogo, sabuni ya maji ya vyombo kijiko kimoja viwili kwenye beseni, changanya sabuni kwanza povu litulie, ndio uweke manyoya juu, uyabonyeze kwa kiganja yazame, uondoke. Nusu saa usiyaguse. Unayainua kwa mikono miwili kama unainua mkate wa ajemi usikatike, unaweka kwenye beseni la pili lenye maji ya joto lilelile, na la tatu. Unaanika kwenye wavu kivulini. Lile soli langu nililikata nikaweka kwenye viatu, baridi ya Wales nikaishinda, kwahiyo halikupotea.

Baada ya hapo kuna kuchambua na kuchana. Brashi maalum zipo lakini zile brashi za kuchania mbwa zenye waya mwembamba, unanunua mbili, zinafanya kazi vizuri tu. Halafu kusokota. Hapa ndio nakuambia umezaliwa mahali sahihi maana wewe ukili unaujua, na bila shaka umeona bibi zetu wanasokota kamba ya usumba kwenye paja. Ni kitu kilekile. Nyuzi moja moja unaisokota kuelekea upande mmoja, ukizichukua mbili unazisokota pamoja kwa upande wa pili, zinakabana zenyewe, ndio maana kamba haifumuki ukiiachia. Mtu wa Ulaya namfundisha hili wiki nzima, mtu wa Pangani anacheka anasema kumbe ndio hicho tu.

Kifaa chake ni pia, sio ya watoto ingawa inazunguka vilevile. Tafuta kifuu kizito, kata duara la upana wa vidole vinne, toboa katikati, paka msasa mpaka pembeni pawe laini, pitisha kijiti kilichonyooka cha sentimita 28 hivi, juu yake ndoano ya waya. Duara likae karibu na juu kama sentimita tano kutoka kwenye ndoano. Ikiyumba ujue tundu halipo katikati, kwangua upande mzito. Unaning'iniza, unazungusha kwa vidole, mkono wa juu unaachia manyoya kidogo kidogo. Alpaka anateleza, anataka msokoto mwingi kuliko sufu ya kondoo, ukiona uzi unakatika katika usiilaumu pia yako, ongeza mizunguko kabla hujavuta. Siku tatu za kwanza utasokota minyoo, minene hapa myembamba pale. Usiitupe.

Sasa utauliza, manyoya nitayatoa wapi na alpaka umenikataza? Jibu liko mitumbani. Sisi watu wa pwani sweta zito hatulitaki, kwahiyo wauza mitumba wa Tanga masweta ya sufu wanayaacha chini kabisa ya lundo na wanayauza bei ya kutupa. Nenda na miwani yako usome lebo, ya alpaka yapo, mie nimeshapata matatu, moja la kijivu zuri mpaka nikaona aibu kulifumua. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja choma na kiberiti: ukinuka nywele zilizoungua na jivu likafikichika ni manyoya ya mnyama, ukiyeyuka ukawa kishanga kigumu ni plastiki, lirudishe. Angalia na ushonaji wa pembeni, kama limekatwa na kushonwa kwa cherehani ukilifumua utapata vipande vipande, tafuta lililofumwa umbo lake, mshono unafunguka kama mnyororo. Fumua, zungushia kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne, loweka maji vuguvugu, ning'iniza na kizito kidogo chini, mikunjo inanyooka. Umepata uzi wa alpaka gramu 400 kwa hela ya chipsi. Na kwa kujifunza kusokota, agiza nusu kilo ya sufu iliyokwisha fuliwa na kuchanwa, ndio utakapoteza hela kidogo hapo, hakuna jinsi. Usijaribu na sufi ya mito ukadhani majina yanafanana basi, sufi ni fupi na inateleza, itakupandisha presha bure.

Fuma mitandio mitano ya huo uzi wa mtumba, kofia kumi, peleka Lushoto mwezi wa Juni na Julai wakati baridi imeshika na wageni wanapanda Irente kutazama bonde saa kumi na moja jioni wamevaa fulana, wanatetemeka. Uza. Uandike kwenye daftari nani kanunua, kwa ngapi, kalalamikia nini. Hiyo ndio benki yako, sio dalali.

Na piga hesabu ya muda, maana wanawake tunajidhulumu hapa. Mie kwa pia nasokota gramu 10 mpaka 15 kwa saa, na mie nina mazoea. Mtandio mmoja ni gramu 100, hiyo ni saa nane za kusokota, bado kuunganisha nyuzi mbili, bado kufuma siku mbili. Sweta la mtu mzima ni gramu 500, kwa mkono huohuo ni saa 40 kabla hujashika sindano za kufumia. Ukiuza bei ya sweta la dukani umefanya kazi bure na mnyama umemlisha bure. Gurudumu la kusokotea linaharakisha mara mbili tatu, fundi seremala mzuri anaweza kulichonga akionyeshwa, lakini hilo ni la mwaka wa pili.

Rangi usihangaike sana, alpaka ana rangi zake za kuzaliwa, nyeupe, maziwa, kahawia za kila namna, kijivu mpaka nyeusi tii, wanaohesabu wanafika zaidi ya 20. Uzi mweupe ukitaka kuutia rangi, maganda ya vitunguu maji yanatoa rangi ya dhahabu inayokaa. Kwanza unauchemshia uzi taratibu kwenye maji ya shabu, gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za uzi, ndio uweke kwenye maji ya maganda. Shabu ile ya wauza dawa za asili jamani, ile kama barafu wanayopaka vinyozi, sio hiyo nyingine ya vijana, usije ukaulizia vibaya sokoni ukakamatwa. Manjano inavutia lakini jua linaila, mtandio wa manjano ukikaa dirishani miezi miwili unabaki mweupe wa mgonjwa. Ganda la mkoko linatoa rangi nzuri ya kutu ila mikoko haichunwi ovyo, usiniponze.

Sasa ukimaliza mwaka mzima hivyo, na daftari linasema watu wananunua na wewe mwenyewe hujachoka, hapo tuongelee wanyama. Afrika Kusini kuna wafugaji wa alpaka wa siku nyingi, ndiko karibu kwa kuulizia kihalali, na kabla ya hapo nenda Buhuri hapo hapo Tanga kwenye chuo cha mifugo au kituo cha utafiti wa mifugo ukaongee nao uso kwa uso, uwaambie una mpango huu, kwasababu siku alpaka wako akilala chini saa sita usiku utamuhitaji mtu ambaye alishawahi kusikia neno alpaka.

Nahitaji unijibu kitu kimoja. Umesema shamba la mama Soni lina "kivuli kizuri". Soni ninayoijua mie kivuli kizuri maana yake ni miparachichi. Kama ndio yenyewe, hesabu ni mingapi na iko upande gani wa shamba, kwasababu ama fensi ipite mbali nayo ama hilo eneo libaki la kabichi. Na hilo sweta la kwanza ukilifumua nitumie picha ya lebo.